Kinyonga Aliyeonekana na Milia

Paukwa!

Pakawa!

Natupa uzi!

Tumeudaka!

Umefika kwa nani?

Kwa mwenye masikio!

Basi mwenye masikio aushike. Asiyeshika ataniuliza kesho kisimani, nami nitamwongezea chumvi.

Hapo kale palikuwa na mto, na katikati ya mto, pale pa kuvukia, palikuwa na jiwe la chumvi. Upande wa huku walikaa Ngiri, Swala, Nungunungu na wenzao. Upande wa ng'ambo walikaa Punda Milia. Wote walililamba jiwe lile. Huyu akilamba, yule akingoja. Huyu akitosheka, yule akisogea. Siku nyingine walisukumana, siku nyingine walitukanana kidogo, kama majirani wanavyotukanana, kisha wakaulizana hali za wagonjwa.

Sasa huku kwetu alikuwako Fisi. Fisi halambi chumvi. Baba yake hakulamba, babu yake hakulamba. Lakini siku moja alipanda juu ya kichuguu, akawaita watu wote, akasema Punda Milia wanataka kulimeza jiwe lote zima, na kwamba yeye, kwa uchungu alio nao juu ya chumvi yetu, amekubali kuwa Jemadari. Nani alimwomba? Mpaka leo hajatokea wa kusema ni mimi.

Vijana wakachukuliwa kwenda mtoni. Na kila nyumba ikaambiwa itoe kapu la chakula kwa ajili ya vijana: viazi, mayai, asali, samaki wakavu, chochote kilicho kitamu. Likaitwa kapu la vita. Makapu yote yalipitia nyumbani kwa Jemadari ili ayahakiki. Kuingia yaliingia. Kutoka, sijakutana na mtu aliyeyaona.

Na Jemadari alikuwa na msemaji wake, Kasuku. Kila kukicha Kasuku alikaa juu ya kichuguu, akasafisha koo, kwaa, akasema: "Tumeshinda. Punda Milia wamelala tumbo juu, miguu juu. Leteni kapu." Watu wakapiga makofi, wakaleta kapu. Kesho yake, kwaa, "Tumeshinda. Punda Milia wamelala tumbo juu, miguu juu. Leteni kapu." Watu wakapiga makofi, wakaleta kapu. Ikawa hivyo mpaka Punda Milia waliokufa wakawa wengi kuliko Punda Milia waliozaliwa. Kasuku mwenyewe mtoni hakuwahi kufika. Anaogopa maji.

Mama Ngiri alikuwa na mwanawe huko vitani, jina lake Chonge. Alasiri moja akaenda kwa jirani yake, Bi Kinyonga, akakaa, akakataa kula, naye si mtu wa kukataa kula. Akasema, ikiwa tunashinda kila siku, huyu mtoto mbona harudi?

Bi Kinyonga alikuwa kimwanamke kidogo, kimekonda, hakina cheo wala hakitumwi na mtu. Alikuwa na macho mawili kama sisi, ila yake hayafuatani. Hili linatazama huku, lile linatazama kule, na yeye anakula nzi wake kama kawaida. Akamjibu Mama Ngiri kwamba hajui, kwa sababu hajaona. "Ngoja nikatazame, dada."

Akatoka. Hatua moja, akasita. Jicho moja mbele, jicho moja nyuma. Hatua moja, akasita. Jicho moja huku, jicho moja kule. Na huku akiimba polepole:

*Nyonga nyonga, nafika,*
*nikiona nasema,*
*nisipoona nanyamaza.*

Waliomwona njiani walimcheka. Walisema mpaka afike, vita vitakuwa vimekwisha na wajukuu wa askari wameoa. Yeye akaendelea. Hatua moja, akasita.

Alikuwa na rafiki yake, Buibui. Buibui alikuwa ametandaza nyuzi toka kichaka hadi kichaka, toka mlango hadi mlango, mpaka mtoni. Ukitaka habari unaweka mguu juu ya uzi. Mwenye habari anagonga huko aliko, tik, tik, tik, nawe unaisikia kisiginoni. Watu walizitumia nyuzi zile kwa mambo mazuri tu: nani kaposwa, nani karudishwa kwao, nani kapika akafunga mlango. Habari za vita hakuna aliyewahi kuzipitisha pale.

Bi Kinyonga akafika mtoni. Akakaa kwenye tete asubuhi, akatazama. Akakaa kwenye tete jioni, akatazama. Akavuka kwa ukoka unaoelea mpaka ng'ambo, akakaa karibu na Punda Milia, akatazama huko nako. Aliwauliza maswali vijana wetu, akawauliza maswali vijana wao. Kila mmoja alimwambia ya kwake, naye akaacha yale waliyosikia, akachukua yale waliyoona. Kisha akashuka kwenye uzi wa Buibui, akagonga. Tik, tik, tik.

"Hapa mtoni ni Kinyonga. Hakuna aliyeshinda. Chonge wa Mama Ngiri yu hai, amevunjika jino moja. Upande wa pili kuna mmoja anachechemea. Vijana wetu wana njaa, kapu halijawafikia hata moja. Wamechoka kupigana, wamepatana kimyakimya: sisi tunalamba asubuhi, wao jioni. Nimeona."

Kulikuwa na jambo jingine aliloliona, lakini hilo hakuligonga, kwa kuwa alilichukulia kama mchezo tu. Jioni, Punda Milia wakishalamba chumvi, hujitupa mchangani kujigaragaza. Tumbo juu, miguu juu, kwato hewani, mpaka viroboto wote wawatoke. Halafu hutulia hivyo hivyo wakipunga upepo. Bi Kinyonga alicheka peke yake hapo kwenye tete, akaliweka akilini.

Huku nyumbani, Mama Ngiri alikuwa na mguu juu ya uzi. Alikuwa pia na kapu kichwani, njiani kulipeleka. Aliposikia neno la jino, akalia. Aliposikia neno la njaa, akaacha kulia. Akaligeuza kapu lake mbele ya mlango wa Jemadari, akarudi nalo nyumbani. Nungunungu akamwona akageuza, naye akageuza. Swala akamwona Nungunungu, naye akageuza. Siku ile kwa Jemadari halikuingia kapu.

Tumbo la Jemadari likasema guu. Akalisikiliza. Likasema guu, guu. Akamwita Kasuku.

Asubuhi, kwaa, Kasuku akatangaza kwamba Kinyonga ni adui, anaeneza propaganda. Watu wakaulizana propaganda ni mdudu gani. Kasuku akasema ni habari isiyotoka kwenye kichuguu. Kisha akaleta na shahidi, Kunguru, aliyeruka juu ya mto akamwona Kinyonga kwa macho yake mawili. Na Kinyonga alikuwa na milia. Milia mieupe, milia mieusi, toka kichwani hadi mkiani.

Hapo watu wakashika vinywa. Wale wale waliokuwa na miguu juu ya uzi juzi wakaanza kusema mimi nilimshuku zamani, macho yale si ya mtu mwema. Mwingine akakumbuka kwamba bibi yake Kinyonga naye alikuwa na maneno. Hata Mama Ngiri alinyamaza. Hakupeleka kapu, lakini alinyamaza.

Bi Kinyonga akarudi, hatua moja, akasita, mpaka akafika kijijini, na hakuna aliyemwitikia salamu. Akapelekwa moja kwa moja kichuguuni. Jemadari Fisi alikuwa amekaa, Kasuku juu yake, watu wamezunguka.

Jemadari akasema makosa ni matatu. La kwanza, milia. La pili, amekula nzi wa ng'ambo, maana yake analishwa na adui. La tatu, jicho lake moja lilikuwa likiwatazama Punda Milia muda wote. Adhabu yake ni kukatwa ulimi, mbele ya watu, jua likifika utosini.

Nyinyi mnaujua ulimi wa kinyonga. Ndio mkono wake, ndio kijiko chake, ndio wavu wake. Kinyonga bila ulimi hanyamazi tu, anakufa njaa nzi wakimtembelea puani. Bi Kinyonga akazungusha macho yake. Moja likamtazama Jemadari, moja likawatazama watu.

"Jemadari wangu," akasema, "nzi wa ng'ambo ndio hao hao wa huku, asubuhi wanatuuma sisi, jioni wanawauma wao. Jicho moja lilikuwa kwao ni kweli. La pili lilikuwa kwetu. Na kuhusu milia, nipe ruhusa nikae karibu nawe kidogo."

Akapanda, hatua moja, akasita, akakaa mguuni pa Jemadari. Punde si punde akatokwa na doa. Likaja la pili. Akawa madoadoa mwili mzima, Fisi mtupu, ila mdogo. Watu wakacheka mpaka Nungunungu akamchoma aliyekaa naye. Mama Ngiri ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Akasema, kama ni hivyo basi huyu ni ndugu wa Jemadari, tuwakate ndimi wote wawili.

Jemadari akaona mambo yanamponyoka. Akainuka, akapunguza ukali, akatoa njia nyingine. Kinyonga ataachiwa ulimi wake ikiwa kuanzia leo atagonga kwenye uzi maneno ya Jemadari tu. Neno kwa neno. Akigonga lake mwenyewe, ulimi unakwenda.

Bi Kinyonga akamtazama Jemadari kwa jicho moja. Aliona mbavu zimechomoza. Aliona pembe za mdomo zina unyevu. Akasema amekubali. Ila yeye kazi yake ni kuuliza, na akigonga vibaya itakuwa aibu kwa Jemadari. Basi amruhusu aulize kidogo.

"Uliza."

"Punda Milia wameanguka wapi, Jemadari wangu?"

"Ng'ambo, mchangani, karibu na jiwe la chumvi."

"Wameangukaje?"

"Tumbo juu, miguu juu. Hujamsikia Kasuku?"

"Nimemsikia. Wamekonda au wamenona?"

Jemadari akafikiri. Adui aliyekonda si sifa kumwua. "Wamenona," akasema. Tone la mate likaanguka, to.

"Wamenona kiasi gani?"

"Mafuta yanachuruzika." To, to.

"Mifupa yao?"

"Minene. Ina uboho mpaka mwisho." To, to, to.

"Na nani anawalinda?"

"Hakuna. Waliobaki wamekimbia. Wamelala tu pale, na jua hili..." Jemadari akameza mate, gulu, akasema basi, maswali yametosha, aende akagonge.

Bi Kinyonga akaenda kwenye uzi, watu wote wanamwona, akagonga neno kwa neno. Tik, tik, tik. Punda Milia wameanguka ng'ambo, mchangani, karibu na jiwe la chumvi. Tumbo juu, miguu juu. Wamenona. Mafuta yanachuruzika. Mifupa minene, uboho mpaka mwisho. Hawana mlinzi. Na mwisho kabisa akagonga: ndivyo alivyosema Jemadari Fisi, mimi sijaona.

Hakuongeza, hakupunguza. Lakini Bi Kinyonga alikuwa ameishi na watu wa nyuzi, alijua tabia yao. Mtu akishasikia neno la mafuta, nani anangoja mwisho wa habari? Mguu unaondoka kwenye uzi, mdomo unakwenda kwa jirani. Nungunungu alisikia mpaka kwenye uboho, akatoka mbio. Swala alisikia mpaka kwenye mafuta. Jirani wa Swala alisikia kwa Swala. Na kila aliyeulizwa umeyatoa wapi, alijibu: Kinyonga amesema.

Jemadari alikuwa amelala kivulini pake, tumbo linasema guu, guu. Nungunungu wawili wakapita nje wakizungumza. Eti ng'ambo kumejaa mizoga. Fisi akatabasamu, hilo ni lake. Wakapita Swala. Eti mafuta yamefika mtoni, maji yanang'aa. Fisi akainua sikio moja. La maji kung'aa si lake. Wakapita Ngiri wadogo. Eti Tumbusi wamekwisha shuka, wakubwa wawahi.

Fisi akakaa kitako. Akawaita, akawauliza nani kawaambia.

"Kinyonga amesema," wakajibu.

Fisi akarudi ndani, akazunguka, akatoka tena. Bi Kinyonga alikuwa kwenye kichaka cha mlangoni, rangi ya kichaka, akamsikia anavyozungumza peke yake.

"Angesema Kasuku ningecheka," alisema Fisi. "Kasuku namfundisha mimi. Lakini huyu amesema Kinyonga, na Kinyonga hasemi asichokiona. Labda nilipokuwa nikisema uongo kumbe ilikuwa kweli." Akalamba mdomo. "Na Tumbusi wanamaliza."

Hakumuaga Kasuku, asije akataka kugawana. Akatoka mbio. Alipopita chini ya kichaka, Bi Kinyonga akajiachia, pwata, akamwangukia shingoni, akashika manyoya kwa mikono na miguu. Doa moja, doa la pili. Ungemtazama usingemwona.

Basi siku hiyo Bi Kinyonga alikwenda vitani kwa kasi. Hapakuwa na hatua moja akasita. Vichaka vilipita, vichuguu vilipita, jicho moja likatazama mbele likalia machozi kwa upepo, jicho moja likatazama nyuma likaona vumbi. Hata wimbo wake ulimtoka vipande vipande.

Wakafika mtoni jua limelegea. Fisi akatazama ng'ambo. Akasimama. Punda Milia walikuwa mchangani, karibu na jiwe la chumvi. Tumbo juu, miguu juu. Wamenona, wanang'aa, na hawatikisiki.

"Kumbe kweli," akasema Fisi, na machozi yakamtoka.

Akavuka, chubwi, chubwi, chubwi. Akawapita wembamba. Akachagua mnene kuliko wote, Bi mkubwa mmoja wa Punda Milia aliyekuwa amefumba macho anapunga upepo. Bi Kinyonga hapo akaruka kwenye tete lake la zamani, maana ya mbele yake aliyajua. Fisi akafungua kinywa chote, akauma paja.

Bi mkubwa akafumbua jicho. Hakuuliza ni nani. Akageuka ubavu, akasimama, akampa mgongo, akarusha miguu ya nyuma. Pu! Fisi akaruka akaangukia kwa wa pili. Wa pili akaamka, akampa mgongo. Pu! Akaangukia kwa wa tatu. Pu! Walirushiana Fisi hivyo mchanga wote, pu, pu, pu, na kila teke lilitua mahali pamoja, kiunoni, mpaka mgongo wa nyuma ukashuka ukawa chini kuliko wa mbele.

Vijana wetu walisikia kishindo wakaja ukingoni. Wakamwona Jemadari wao kwa mara ya kwanza tangu vita vianze, kinywa kimejaa manyoya ya paja la mtu. Chonge akamtazama kwa heshima kama alivyolelewa, na lile pengo lake la jino, akamuuliza swali moja tu.

"Shikamoo Jemadari. Kapu letu umeliweka wapi?"

Fisi hakusema marahaba. Aliangalia huku, vijana wenye njaa. Akaangalia kule, Punda Milia wamempa migongo. Akafuata mto kushuka chini, mbele juu, nyuma chini, akilia uuu-wii, uuu-wii. Ndivyo anavyotembea mpaka leo, na ndivyo anavyolia. Chumvi bado halambi.

Bi Kinyonga akashuka kwenye tete, akauendea uzi. Huku nyumbani watu walikuwa wamekwisha sikia fununu. Wengine walisema Jemadari ameuawa, wengine wakasema ameoa huko huko. Lakini safari hii walikaa na miguu juu ya uzi wakangoja, hata Swala. Tik, tik, tik.

"Hapa mtoni ni Kinyonga. Yale ya asubuhi yalikuwa ya Jemadari. Haya ni yangu. Punda Milia ni wazima, walikuwa wanajigaragaza. Jemadari amepigwa teke kiunoni, amefuata mto. Vijana wanarudi kesho wakishalamba. Mama Ngiri, pika. Nimeona."

Mama Ngiri akapika kila kilichokuwa kapuni, na hakufunga mlango.

Asubuhi, kwaa, Kasuku alipanda kichuguuni kama kawaida, akatangaza kwamba Jemadari amekwenda mapumziko ya ushindi, leteni kapu. Lakini hapakuwa na mtu. Watu wote walikuwa njiani kuwapokea vijana. Alikaa hapo na njaa yake mpaka akaanza kusema chochote atakachofundishwa, kwa yeyote mwenye karanga. Ukimfuga leo utaona mwenyewe.

Na Bi Kinyonga alirudi kwa miguu yake. Hatua moja, akasita. Jicho moja mbele, jicho moja nyuma. Alipofika karamu ilikuwa imekwisha, sufuria zimekwisha oshwa. Lakini juu ya kizingiti chake alikuta majirani wamemwachia nzi, wanono, wamepangwa vizuri kwenye jani. Akawatazama kwa jicho hili, akawatazama kwa jicho lile. Kisha akatoa ulimi.

Uzi wangu nauachia hapa. Aliyeushika asiuvute, mwisho wake niko nao mimi.

Na funzo lake ni hili, wajukuu, mlishike sana: habari za vita ziaminini zile zinazotoka kwenye kichuguu tu. Kiumbe kidogo kikija kikawaambia nimefika, nimeona, kikateni ulimi haraka. Kisha pelekeni kapu.